Mashine ya Boti: Chagua Nguvu Inayofaa, Okoa Petroli

Kwa wavuvi wa Bodo, Funzi, Gazi, Shimoni na fuo nyingine za pwani yetu, petroli ndiyo gharama inayotangulia zote. Samaki wakishauzwa, pesa ya mafuta hutolewa kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe kwa chombo, nyavu na mabaharia. Kwa hivyo lita moja inayopotea baharini haimuumizi mwenye mashine peke yake. Inapunguza mgao wa kila mtu aliyetoka siku hiyo.

Vikundi vingi na wavuvi binafsi sasa wanaacha tanga na kafi na kuweka mashine za kupachika nyuma ya chombo. Swali la kwanza huwa: tununue ya nguvu ngapi? Mara nyingi jibu hutoka kwa jirani: yeye ana 40, basi na sisi tutafute 40. Makala haya yanaeleza kwa nini jibu hilo laweza kukugharimu kila siku utakayoingia baharini, na namna ya kupata jibu linalofaa chombo chako.

Kila chombo kina kikomo cha mwendo

Mashua, dau na vyombo vingine vizito vya mbao hupita ndani ya maji, havipandi juu yake. Vikienda hutengeneza wimbi moja kwenye omo na jingine kwenye tezi. Mwendo ukizidi, wimbi hilo hurefuka hadi kulingana na urefu wa chombo. Hapo tezi huzama, omo huinuka, na chombo huwa kama kinapanda mlima wa maji kilioutengeneza chenyewe. Ukiongeza mafuta, wimbi linakua, povu linaongezeka nyuma, lakini mwendo hausogei sana.

Kikomo hiki kinategemea urefu wa chombo pale kinapogusa maji. Mwendo wa baharini hupimwa kwa noti, na noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, yaani kilomita 1.85. Vikomo vyenyewe ni kama hivi:

- Chombo cha futi 16: noti 5.4
- Chombo cha futi 20: noti 6.0
- Chombo cha futi 25: noti 6.7
- Chombo cha futi 30: noti 7.3

Mashine kubwa haiondoi kikomo hiki. Inakisukuma mbele kidogo tu, kwa petroli nyingi.

Nguvu ngapi zinatosha?

Kwa chombo kizito cha mbao, kadirio linalofaa ni nguvu za farasi 4 hadi 5 kwa kila tani moja ya uzito. Uzito huo ni wa kila kitu: chombo chenyewe, mashine, petroli, nyavu, barafu, watu na samaki mnaotarajia kurudi nao. Chombo cha tani 2 kikiwa kimepakia kinahitaji takriban nguvu 10. Mashine ya 15 itakisukuma na kubakisha akiba ya kupigana na upepo na mkondo.

Akiba hiyo ni ya lazima. Wakati wa kusi, mashine ndogo mno inaweza kushindwa kuwarejesha nyumbani, na hapo suala si petroli tena, ni maisha. Lakini akiba ya kutosha ni tofauti na mashine iliyo mara tatu ya mahitaji.

Kumbukeni pia uzito wa mashine yenyewe. Ya 15 ya stroki mbili huwa na kilo 36 hadi 40 hivi, na ya 40 hupita kilo 70. Kilo hizo zote zinakaa kwenye tezi, zinaizamisha, na chombo kinaburuta maji hata kabla samaki hawajapakiwa.

Hesabu ya safari moja

Mashine ya petroli ya stroki mbili ikifunguliwa mafuta yote hula takriban lita 4 kwa saa kwa kila nguvu 10, na nyingine hula zaidi. Tuchukue mfano wa chombo cha mbao cha futi 25 kinachokwenda maili 6 za bahari na kurudi maili 6, jumla maili 12.

Mashine ya 15: mwendo noti 6, safari saa 2, lita 6 kwa saa. Jumla lita 12.

Mashine ya 40: hata tukiipendelea na kusema itafikia noti 8, safari ni saa 1 na nusu, lita 16 kwa saa. Jumla lita 24.

Mmefika nusu saa mapema, lakini mmechoma petroli mara mbili. Tukisema lita ni shilingi 180, tofauti ni shilingi 2,160 kwa safari. Kwa safari 20 za mwezi, ni shilingi 43,200. Kila nyumba ya baharia inaweza kukadiria fungu lake katika pesa hizo.

Mtu atasema: nitanunua ya 40 lakini nitaiendesha polepole. Ni kweli kwamba petroli itapungua. Ila umelipa bei kubwa kwa nguvu usizozitumia, na umebeba uzito usiokufaa kila safari.

Mashine za stroki nne hula petroli kidogo zaidi kuliko za stroki mbili, mara nyingi pungufu kwa robo au zaidi. Bei yake ni ya juu, ni nzito, na zinahitaji fundi anayezijua. Kabla ya kununua, ulizeni kama fundi na vipuri vyake vinapatikana karibu.

Boti nyepesi ya faiba ina hesabu nyingine

Boti ya faiba yenye sehemu ya chini iliyo bapa imeundwa kupanda juu ya maji na kuteleza. Hapa mashine ndogo mno nayo ni hasara. Boti itakaa omo juu na tezi chini safari nzima, mafuta yamefunguliwa yote, na haitapanda kamwe. Boti ya aina hii inayobeba abiria au watalii inahitaji mashine yenye nguvu za kuipandisha. Ikishapanda, punguza mafuta kidogo hadi mwendo wa chini kabisa unaoiwezesha kubaki juu. Ikijaa mizigo hadi haiwezi kupanda, usilazimishe. Endesha taratibu.

Kwa hivyo umbo la chombo ndilo la kutazamwa kwanza, na nguvu ya mashine ifuate.

Propela na kimo cha mashine

Propela, au rafadha, huwa na namba mbili zinazopimwa kwa inchi. Ya kwanza ni upana wake. Ya pili ni umbali ambao ingesogea kwa mzunguko mmoja kama hakuna maji yanayoteleza. Chombo kizito kinafaa namba ya pili iliyo ndogo. Ukikifunga propela ya boti ya mbio, mashine itaguna bila kufikia mzunguko wake, plagi zitakuwa nyeusi na petroli itaisha mapema. Propela iliyopinda au kumeguka kwa kugonga mwamba hula mafuta pia. Irekebishwe au ibadilishwe.

Mashine huja na mguu mfupi wa inchi 15 au mrefu wa inchi 20. Pima kimo cha ubao wa nyuma kabla ya kununua. Bamba lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya chombo, au inchi moja hivi chini zaidi. Likiwa juu mno, propela hupiga hewa. Likizama mno, mguu huburuta maji bure.

Namna ya kuendesha

Mkono wa mafuta ndio unaoamua gharama kuliko kitu kingine. Kwa chombo cha mbao, ukipunguza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, petroli ya safari ileile hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Shukeni kutoka noti 6.7 hadi 6 mkaone.

Maji ni msaidizi wa bure. Pwani yetu, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na mkondo katika milango ya bahari na kati ya mikoko huwa mkali. Chombo cha noti 6 kikipanda mkondo wa noti 2 husogea noti 4 tu. Kikienda nao husogea noti 8. Kwa maili 6, hiyo ni saa 1 na nusu dhidi ya dakika 45, yaani lita 9 dhidi ya lita 4 na nusu kwa ile mashine ya 15. Tokeni na maji yanayopwa, rudini na yanayojaa, kila inapowezekana.

Upepo nao usisahaulike. Chombo chenye mashine bado kinaweza kubeba tanga. Upepo ukiwa nyuma yenu, twekeni, kisha mzime mashine au mpunguze mafuta.

Utunzaji unaookoa mafuta

- Safisheni chini ya chombo. Mwani na makombe yanayoganda hukwamisha mwendo. Maji yakipwa, chombo kikwanguliwe na kupakwa rangi, au sifa na deheni kama walivyofanya wazee.
- Changanyeni oili kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Kama kitabu kinasema 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili. Ikizidi inachafua plagi, ikipungua inaunguza pistoni.
- Tumieni oili ya mashine za boti yenye alama TC-W3, si oili ya bodaboda.
- Chujeni petroli inayotoka kwenye dumu ili maji na uchafu visiingie kabureta.
- Mkitoka baharini, isafisheni mashine kwa maji baridi yasiyo chumvi, ndani na nje.

Pimeni wenyewe

Msitegemee makisio. Jazeni tangi hadi alama, mwende safari ya umbali mnaoujua, kisha mjaze tena kwa chombo cha kupimia. Andikeni kwenye daftari lita zilizotumika, umbali na kilo za samaki. Simu yenye ramani itawaonyesha mwendo. Jaribuni mafuta yote, kisha robo tatu. Baada ya mwezi mmoja daftari litawaambia mwendo unaolipa.

Bei mpya za petroli hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi na kuanza kutumika tarehe 15. Zitumieni kupanga bajeti ya kikundi.

Kabla hamjatoka, gaweni petroli mafungu matatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi ya akiba. Jaketi za kuokolea ziwemo, moja kwa kila mtu. Petroli ya akiba haihesabiwi kama upotevu, hata ikirudi nyumbani ilivyo.

Kikundi kinachopanga kununua mashine, au kuiandika katika ombi la msaada, kipime kwanza urefu na uzito wa chombo kikiwa kimepakia, kisha kizungumze na BMU yake na ofisi ya uvuvi ya kaunti ndogo kabla ya kulipa.