Fahamu: Unyago ulifundisha nini?

Kila mjadala wa elimu ya ujinsia unapozuka, hukosi kusikia: "Hiyo si mila yetu." Hebu tusiharakishe. Unguja, katika unyago, mwari alifundwa na somo wake, wanaume wakiwekwa mbali: kwanza usafi wa hedhi, na harusi ilipokaribia, mambo ya chumbani, bila kumung'unya maneno. Bi Kidude, aliyefariki 2013, alikuwa bingwa wa ngoma ya unyago. Ngoma iitwayo msondo aliifunga kiunoni, akaipanda, akaipiga. Asili ya unyago huo huhusishwa na watumwa waliotoka bara, pande za Ziwa Nyasa. Wamisionari wengi waliona mafunzo kama haya ni uchafu mtupu. Lakini Masasi, kusini mwa Tanzania bara, mmisionari Mwanglikana Vincent Lucas hakupiga marufuku jando, mafunzo kama hayo ya wavulana, bali aliliingizia sala.