Pikipiki ya Kabureta na Milima ya Upare: Je, Turbo Itafaa?

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu: hewa, kabureta, turbo. Hayo ndiyo somo letu la leo.

Pengine wewe una pikipiki ya zamani yenye kabureta. Hapa mjini Same inakwenda vizuri. Lakini ukipanda kwenda Chome au Mbaga, au ukifuata gunia la tangawizi kule Mamba Miamba, inachoka. Inatoa moshi mweusi, nawe unarudi gia ya kwanza. Fundi mmoja anakuambia, “Tutie turbo.” Kabla hujatoa fedha zako, sikiliza kwanza.

Kwa nini inachoka? Injini hula petroli pamoja na hewa. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Tuseme mgandamizo wa hewa kule Tanga, pwani, ni 100. Hapa Same, yapata mita 860 juu ya bahari, ni karibu 90. Ukifika mita 1,800 ni karibu 80. Hewa imepungua, lakini kabureta haijui. Inazidi kumimina petroli kwa wingi. Petroli isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote, na ndiyo maana unaona moshi mweusi na plagi yenye masizi.

Turbo ni nini? Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, katika mhimili mmoja. Moshi wa ekzosi huzungusha la kwanza. La pili hushindilia hewa ndani ya injini. Mswisi Alfred Büchi aliandikisha ubunifu huo mwaka 1905. Mwaka 1978 pikipiki ya Kawasaki Z1R-TC, yenye kabureta, iliuzwa Marekani ikiwa na turbo. Kwa hiyo jambo hili linawezekana. Lakini ile ilikuwa na silinda nne na ukubwa wa sentimita za ujazo zaidi ya 1,000. Hata hivyo haikupewa dhamana ya kiwanda.

Yako ina silinda moja, na ukubwa wa 125 au 150. Fikiri mambo manne.

Kwanza, moshi wake ni mchache, tena hutoka kwa vishindo. Ukipanda polepole hautazungusha turbo vema. Msaada utakosekana pale pale unapouhitaji.

Pili, petroli hushuka kutoka tangi kwa uzito wake tu. Turbo ikisukuma hewa kupitia kabureta, hewa hiyo itaizuia petroli isishuke. Itabidi uweke pampu.

Tatu, hewa iliyoshindiliwa ni ya moto. Mchanganyiko unaweza kuwaka kabla ya wakati wake, na pistoni ikatoboka. Injini yako hupozwa na upepo, na mlimani upepo huo ni haba.

Nne, mhimili wa turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Unahitaji oili safi daima, na injini yako hubeba kama lita moja tu.

Tena kumbuka: anayepanda lazima ashuke. Turbo haiongezi breki. Abiria aliye nyuma yako ni mama wa mtu.

Basi ufanye nini? Safisha chujio la hewa. Pima nafasi ya valvu. Badili sproketi ya nyuma, utie yenye meno mawili au matatu zaidi. Mwendo wa tambarare utapungua, lakini nguvu ya kupanda itaongezeka. Ukiishi juu mlimani siku zote, fundi aweza kutia jeti ndogo zaidi katika kabureta. Lakini angalia! Ukishuka Same na jeti hiyo, petroli itakuwa kidogo mno kwa hewa iliyopo, na injini itachemka. Ukipanda na kushuka kila siku, iache jeti ya kiwandani.

Kazi hizo zote ni za gharama ndogo kuliko pistoni moja iliyotoboka.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini moshi huwa mweusi mlimani?
2. Ni kitu gani huzungusha turbo?
3. Jeti ndogo yaweza kuleta hasara gani ukishuka Same?