MAPISHI: Kuku wa siagi wa Kihindi, mchuzi mzito bila mafuta tele

KUKU wa siagi, ambaye nchini India huitwa murgh makhani, hupendwa na wengi kwa mchuzi wake mzito, laini na wenye utamu wa mbali. Makhan ni siagi kwa Kihindi, na jina hilo halidanganyi, kwani katika mikahawa mingi siagi na krimu humiminwa humo bila kipimo.

Hapo ndipo penye tatizo kwa mtu aliyeshauriwa na daktari kupunguza mafuta ya wanyama. Hata hivyo, si lazima mtu huyo akipe kisogo chakula hiki. Akifahamu kazi ya kila kiungo, anaweza kukipika nyumbani kwa mafuta kidogo na ladha ikabaki.

Mlo huu huhusishwa na mkahawa wa Moti Mahal, mtaani Daryaganj jijini Delhi, ulioanzishwa na wakimbizi kutoka Peshawar baada ya India na Pakistan kugawanyika mwaka wa 1947. Inasimuliwa kwamba kuku wa tanuri waliosalia walikuwa wakikauka, ndipo wapishi wakawatia katika mchuzi wa nyanya, siagi na krimu. Nani hasa aliyeubuni ni suala linalozozaniwa, kiasi kwamba mnamo Januari 2024 kesi iliwasilishwa katika Mahakama Kuu ya Delhi.

Simulizi hiyo ina funzo kwa mpishi. Ladha ya mlo huu huanzia kwenye nyama iliyochomwa, viungo na nyanya. Siagi na krimu huja baadaye kuulainisha mchuzi, na kazi hiyo inaweza kufanywa na mtindi na korosho.

Hesabu yake ni hii. Gramu 100 za siagi pamoja na kikombe kimoja cha krimu nzito huwa na takriban kalori 1,500. Wakigawana watu wanne, kila mmoja hupata karibu kalori 380 kabla ya kuhesabu nyama na wali. Kwa vipimo vilivyo hapa chini, mafuta, siagi, korosho na mtindi humpa kila mlaji takriban kalori 130.

Vinavyohitajika (walaji 4)

- Nyama ya kuku isiyo na ngozi wala mifupa, gramu 600
- Mtindi mzito usiotiwa sukari, gramu 250
- Korosho zisizotiwa chumvi, gramu 30
- Nyanya 6 zilizoiva vyema
- Kitunguu maji 1 na karoti 1 ndogo
- Kitunguu saumu punje 5 na tangawizi kipande cha kidole gumba, vilivyopondwa
- Mafuta ya kupikia, kijiko 1 kikubwa
- Siagi, kijiko 1 kidogo kilichojaa
- Pilipili nyekundu ya unga, bizari nyembamba na garam masala, kijiko 1 kidogo kila kimoja
- Manjano, nusu kijiko kidogo
- Iliki 3 na kipande cha mdalasini
- Majani makavu ya uwatu, kijiko 1 kidogo
- Limau nusu, chumvi kiasi na majani ya dania

Maelekezo

Kata nyama vipande vya wastani. Changanya gramu 100 za mtindi na nusu ya kitunguu saumu na tangawizi, manjano, pilipili, maji ya limau na chumvi kidogo. Paka nyama mchanganyiko huo, funika na uweke kwenye jokofu kwa saa mbili hadi nne.

Loweka korosho katika maji moto kwa dakika 30, kisha uzisage ziwe laini kabisa.

Choma nyama juu ya jiko la makaa au kwenye kikaango kizito chenye moto mkali hadi ianze kubabuka kingo. Usijali ikiwa haijaiva ndani. Moshi wa makaa hukaribia ule wa tanuri ya udongo.

Katika sufuria nyingine, pasha mafuta, tia iliki na mdalasini, kisha kitunguu kwa moto mdogo hadi kilainike. Ongeza kitunguu saumu na tangawizi iliyosalia pamoja na bizari, halafu nyanya na karoti iliyokwaruzwa. Funika kwa dakika 20 hadi harufu ya ubichi iishe. Ondoa mdalasini na iliki, saga mchuzi na uurudishe motoni.

Tia korosho, kisha nyama, na uache vitokote polepole kwa dakika 10 au hadi nyama iive kabisa. Punguza moto, tia mtindi kwa utaratibu ulioelezwa hapa chini, kisha garam masala, uwatu uliosuguliwa viganjani na siagi. Nyunyizia dania na upakue.

Kuzuia mtindi kukatika

Krimu huvumilia moto kwa sababu ina mafuta mengi. Mtindi una mafuta machache na uchachu mwingi, hivyo protini zake hushikana na kuwa mabonge zikipata joto la ghafla. Utoe kwenye jokofu mapema, uupige hadi ulainike, changanya na vijiko viwili vya mchuzi wa moto, ndipo uumimine huku ukikoroga. Baada ya hapo mchuzi usichemke tena. Wanga wa korosho husaidia kuushikilia.

Anayetumia mala aichuje kwanza kwa kitambaa safi, kwani ina maji mengi.

Mambo ya kuzingatia

Kijiko kimoja cha mafuta mwanzoni kisiondolewe, maana harufu ya viungo vingi huyeyuka katika mafuta. Siagi nayo hutiwa mwisho ili kiasi kidogo kisikike mdomoni.

Tui zito la nazi si mbadala mwepesi. Lina mafuta mengi mazito, na ladha yake humpeleka mlaji kwa kuku wa kupaka wa Pwani.

Kuku wa kienyeji achemshwe kwanza hadi alainike, kisha achomwe.

Mlo huu huliwa kwa wali mweupe au chapati zisizokaangwa kwa mafuta, pamoja na kachumbari. Kumpikia mgonjwa mchuzi mwepesi kisha kumwandalia chapati zinazochuruzika mafuta ni kutwanga maji kwenye kinu.