Mnunuzi mmoja tu: mpira wa Kasai na kampuni iliyolindwa na serikali

Kila mama anayeuza sokoni anajua jambo hili: wanunuzi wakiwa wengi, bei inapanda, akibaki mmoja, yeye ndiye anayepanga bei. Kampuni kubwa zinalijua pia. Ndiyo maana mara nyingi, badala ya kushindana, zinatafuta serikali iwafungie wengine mlango.

Katika nchi yetu jambo hilo lilitendeka wazi. Mapatano ya Berlin ya 1885 yalisema kwamba katika bonde la Kongo biashara itakuwa huru, wala hakuna atakayepewa haki ya kufanya biashara peke yake. Huko Kasai kampuni 14 zilikuwa zikinunua mpira wa mwitu. Mtu aliyetoka msituni na mzigo wake aliweza kukataa bei ya mmoja na kwenda kwa mwingine. Mwishoni mwa 1901 zikaunganishwa kuwa moja, Compagnie du Kasai, na nusu ya hisa ikawa ya serikali ya mfalme Léopold II. Kuunganishwa ni neno zuri. Lakini mtu aliyepunjwa angelalamika kwa nani, kama mnunuzi na mwenye mamlaka wanakula sahani moja?

Bunduki nayo haikuja kwa bahati mbaya. Bei ikiwa ndogo mno, mtu anaacha mpira na kurudi kulima shamba lake. Kampuni isiyotaka kupandisha bei inabaki na njia moja tu, kulazimisha.

Hayo ndiyo aliyoyaona William Sheppard, mchungaji Mmarekani mweusi wa misioni ya Presbiteri, aliyekuwa amefika Luebo mwaka 1891. Mwaka 1908 aliandika katika gazeti dogo la misioni kwamba Wakuba, waliokuwa na mashamba na nyumba nzuri, sasa wanalazimishwa na walinzi wenye silaha kukaa msituni kutafuta mpira, na malipo yao hayatoshi kuishi. Hakutaja jina la kampuni. Kampuni ilijitambua yenyewe, ikamshtaki kwa kuiharibia jina. Kesi ilisikilizwa Léopoldville mwaka 1909, na aliyesafiri kutoka Ubelgiji kuja kumtetea mchungaji huyo alikuwa msoshalisti, Émile Vandervelde! Sheppard hakuhukumiwa, na gharama za kesi zikaangukia kampuni.

Tunayakumbuka haya kwa sababu tangu 2019 kuna amri ya serikali inayoipa kampuni moja ya umma, EGC, haki ya pekee ya kununua kobalti ya wachimbaji wadogo. Sababu iliyotolewa ni kuweka utaratibu machimboni na kuwalinda wachimbaji wenyewe. Nia hiyo inaweza kuwa njema, na hatuilinganishi na ya Léopold. Lakini kuna swali moja ambalo tungependa lijibiwe kwanza: mchimbaji akiona bei ni ndogo, mfuko wake ataupeleka kwa nani mwingine?