Orodha za Ufikiaji Katika Ruta na Namna Zinavyochuja Pakiti

Orodha ya udhibiti wa ufikiaji ni mistari ya amri iliyohifadhiwa ndani ya ruta. Kila mstari unataja aina fulani ya pakiti na hukumu yake: ipite au ikataliwe. Pakiti inapofika, ruta huangalia kichwa chake tu, yaani sehemu ya mbele inayobeba anwani ya ilikotoka, anwani ya inakokwenda, itifaki na namba za poti. Kisha huisoma orodha kuanzia juu. Mstari wa kwanza unaolingana na pakiti hiyo ndio unaoamua, na iliyo chini yake haisomwi tena. Pakiti ikifika mwisho bila kulingana na mstari wowote hutupwa, kwa kuwa kila orodha ina mstari mmoja usioonekana, chini kabisa, unaokataa kila kitu.

Mambo hayo mawili, mpangilio wa mistari na ule mstari wa mwisho usioandikwa, ndiyo chimbuko la makosa mengi ya usanidi. Ruta haifahamu fundi alikusudia nini. Hufuata maandishi kama yalivyopangwa.

Katika ruta za Cisco, ambazo amri zake ndizo zinazofundishwa vyuoni zaidi, orodha ni za aina mbili. Orodha ya kawaida hutazama anwani ya ilikotoka pakiti, basi. Hupewa namba kati ya 1 na 99, au kati ya 1300 na 1999. Orodha pana hutazama pia inakokwenda, itifaki na poti, na namba zake ni 100 hadi 199 pamoja na 2000 hadi 2699. Zote mbili zinaweza kupewa jina badala ya namba, na jina ni bora, kwani MAABARA humweleza msomaji jambo ambalo 127 haiwezi kumweleza.

Kuonyesha mtindo huo unavyofanya kazi, chukua chuo chenye mitandao mitatu midogo nyuma ya ruta moja. Ofisi ya uhasibu ina anwani za 192.168.10.0, maabara ya kompyuta ya wanafunzi ina 192.168.20.0, na chumba cha seva kina 192.168.30.0. Seva ya ada na matokeo ni 192.168.30.5. Uongozi unataka wanafunzi wafungue ukurasa wa matokeo, wasiguse kitu kingine chochote katika chumba cha seva, na waendelee kutumia intaneti kama kawaida. Amri zake ni hizi:

ip access-list extended MAABARA
 10 permit tcp 192.168.20.0 0.0.0.255 host 192.168.30.5 eq 443
 20 deny ip 192.168.20.0 0.0.0.255 192.168.30.0 0.0.0.255
 30 permit ip 192.168.20.0 0.0.0.255 any
interface GigabitEthernet0/1
 ip access-group MAABARA in

Neno permit huruhusu, deny hukataa. Mstari wa 10 unafungua poti ya 443, ya kurasa za wavuti zilizosimbwa, kwenda kwenye seva moja tu. Mstari wa 20 unafunga chumba chote cha seva. Mstari wa 30 unaachia safari nyingine zote za maabara. Mistari ya 10 na 20 ikibadilishana nafasi, ukurasa wa matokeo hautafunguka kamwe, maana kila pakiti iendayo kwenye seva itakuwa imekwisha kukataliwa kabla ruhusa yake haijasomwa. Ndiyo sababu mistari yenye shabaha finyu hutangulia, na yenye shabaha pana hufuata.

Namba 0.0.0.255 huwatatiza wanaoanza. Mafundi huiita waildikadi, nayo husomwa kinyume cha maski ya sabneti. Penye biti ya 0, anwani lazima ilingane. Penye biti ya 1, ruta haijali. Njia rahisi ya kuipata ni kutoa kila sehemu ya maski kutoka 255. Maski ya 255.255.255.0 inazaa 0.0.0.255, na ile ya 255.255.255.192 inazaa 0.0.0.63, kwa hiyo 192.168.20.64 ikiandikwa pamoja na 0.0.0.63 inashika anwani za kuanzia 64 hadi 127. Fundi akijisahau na kuweka 255.255.255.0 mahali pa waildikadi, ruta haitalalamika. Itaikubali amri na kuanza kushika anwani yoyote duniani ambayo sehemu yake ya nne ni 0, na karibu hakuna kompyuta yenye anwani ya namna hiyo. Kosa hili hurahisishwa na ukweli kwamba faiawoli za Cisco ASA hutumia maski ya kawaida, si waildikadi, na fundi mmoja anaweza kushughulikia vifaa vyote viwili siku moja.

Orodha haifanyi lolote mpaka ifungwe kwenye kiolesura, yaani mlango wa ruta unaoelekea mtandao fulani (hapa GigabitEthernet0/1, unaoelekea maabara), na lazima ielezwe mwelekeo. Neno in maana yake ni pakiti zinazoingia ndani ya ruta kupitia kiolesura hicho. Out ni zinazotoka. Mwelekeo hupimwa kwa kusimama katika ruta yenyewe. Pakiti ya mwanafunzi inatoka maabara, lakini kwa ruta inaingia, kwa hiyo hapa neno sahihi ni in. Kiolesura kimoja hupokea orodha moja kwa kila mwelekeo na kwa kila toleo la itifaki ya IP. Kuhusu mahali pa kuiweka, orodha pana huwekwa karibu na chanzo, ili pakiti isiyotakiwa ifie mlangoni badala ya kuvuka mtandao mzima na kukataliwa mwishoni. Orodha ya kawaida huwekwa karibu na mwisho wa safari. Kwa kuwa haijui pakiti inakwenda wapi, ikikaa karibu na chanzo humfungia mtu njia zote.

Orodha ya maabara iliyoandikwa hapo juu inaonekana kamili. Sivyo. Asubuhi inayofuata, wanafunzi wakiwasha kompyuta zao, hakuna itakayopata anwani kama ruta hiyo ndiyo inayogawa anwani kwa DHCP. Kompyuta inayowaka haina anwani bado, kwa hiyo ombi lake hutumwa kutoka 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255. Mistari yote mitatu inaanza na 192.168.20.0, hakuna unaolingana na 0.0.0.0, na ombi linaangukia kwenye ule mstari usioonekana. Kinachochanganya zaidi ni kwamba kompyuta zilizokuwa zimewashwa wakati orodha inawekwa huendelea kufanya kazi vizuri, kwani tayari zina anwani na huomba kuongezewa muda kwa kutumia anwani hiyo. Fundi huondoka jioni akiamini kazi imekwisha. Dawa yake ni mstari mmoja unaowekwa juu:

 5 permit udp host 0.0.0.0 eq 68 host 255.255.255.255 eq 67

Tatizo la pili limejificha katika mstari wa 20. Kama seva ya DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, nayo imo katika chumba cha seva, basi imefungwa pamoja na nyingine. Malalamiko yatakayofika ofisini ni kwamba intaneti imekufa, ilhali intaneti ipo. Kinachokosekana ni majina. Dalili yake ni kwamba tovuti hazifunguki kwa jina, lakini anwani ya namba inajibu. Panahitajika mistari ya 15 na 16 inayoruhusu poti ya 53, mmoja wa UDP na mwingine wa TCP, kwa kuwa DNS hutumia zote mbili. Hapa ndipo namba za mistari zinazopishana kwa 10 zinapoonyesha faida: mstari mpya hupachikwa katikati bila kuandika orodha upya. Kwa orodha za namba za mtindo wa zamani nafasi hiyo haipo, na amri ya no access-list 101, hata ikifuatwa na maneno ya mstari mmoja tu, hufuta orodha nzima.

Mstari wa 30 nao unafanya kazi ya ziada ambayo haionekani haraka. Ungeweza kuandikwa permit ip any any na maabara ingefanya kazi vilevile. Kwa kutaja 192.168.20.0, unahakikisha kwamba kompyuta ya maabara iliyoambukizwa haiwezi kutuma pakiti zenye anwani ya kughushi ya nje ya maabara na kushambulia watu wengine kwa jina la mtu mwingine. Kinga hii ilipendekezwa kwa mitandao yote ya dunia katika waraka wa RFC 2827 wa Mei 2000, unaojulikana pia kama BCP 38. Haimlindi anayeiweka, inawalinda majirani zake. Pengine ndiyo maana mitandao mingi ingali haijaiweka, jambo la kusikitisha, kwa sababu gharama yake ni mstari mmoja.

Nguvu ya mstari mmoja ilionekana wazi tarehe 25 Januari 2003. Siku hiyo mnyoo uitwao SQL Slammer ulisambaa kupitia kasoro katika programu ya hifadhidata ya Microsoft. Ulikuwa na baiti 376 tu, ukaenea kwa pakiti moja ya UDP iendayo poti ya 1434, na mwanzoni idadi ya kompyuta zilizoambukizwa ilikuwa ikiongezeka maradufu kila baada ya sekunde 8.5. Sehemu kubwa ya kompyuta zilizokuwa dhaifu zilipatikana katika dakika 10 za kwanza, na jumla ilifika angalau 75,000. Kiraka cha kasoro hiyo kilikuwa kimetolewa tangu Julai 2002, ila wengi hawakukiweka. Waendeshaji wa mitandao walichoweza kufanya upesi ni kuongeza katika ruta zao mstari wa deny udp any any eq 1434, na mafuriko yakapungua. Mstari huo haukutibu kompyuta yoyote. Ulikuwa na gharama pia: kompyuta yenye afya iliyokuwa imechagua kwa bahati poti ya 1434 kwa ajili ya swali lake la DNS haikupata jibu, kwa sababu jibu lilirudi kwa namba iliyopigwa marufuku. Namba ya poti ni dalili ya huduma, si uthibitisho wake.

Mfano huo unafunua udhaifu wa msingi. Orodha hizi hazina kumbukumbu. Kila pakiti huhukumiwa peke yake, kana kwamba ndiyo ya kwanza kuonekana. Neno established, linaloongezwa kwenye mistari ya TCP ili kuruhusu majibu tu, haliangalii kama kweli kuna mazungumzo yaliyoanzishwa. Linaangalia kama biti ya ACK au ya RST imewashwa katika kichwa cha pakiti. Mshambuliaji anaweza kuiwasha mwenyewe. Faiawoli inayokumbuka mazungumzo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na penye data nyeti orodha ya ruta haitoshi kuwa ulinzi pekee. Wala haioni kilichomo ndani ya pakiti. Ukurasa wa matokeo na programu haribifu vikipita poti ya 443, kwake ni kitu kimoja.

Itifaki ya ICMP, inayobeba ujumbe wa ping, hufungwa mara nyingi yote kwa hofu, na hilo ni kosa. Ujumbe wa aina ya 3, msimbo wa 4, ndio unaomweleza mtumaji kwamba pakiti zake ni kubwa mno kwa njia zinayopita. Ukifungwa, kurasa huanza kufunguka kisha hukwama, barua fupi hupita na viambatisho vizito hugoma. Kwa upande wa IPv6, orodha ya IPv4 haigusi pakiti zake hata moja. Mtandao wenye itifaki zote mbili na orodha moja umeacha mlango wa pili wazi. Orodha ya IPv6 hufungwa kwa amri ya ipv6 traffic-filter, na fundi anayeandika mwenyewe mstari wa kukataa vyote mwishoni lazima kwanza aruhusu ujumbe wa kutafuta majirani, la sivyo ruta na vifaa vilivyo kwenye waya wake vitapoteana.

Ruta yenyewe inahitaji kulindwa. Orodha fupi ya kawaida inayotaja anwani za idara ya TEHAMA, ikifungwa kwenye laini za vty, zinazotumika kuingia ndani ya ruta kwa mbali, kwa amri ya access-class, huzuia wengine wote kujaribu kuingia kwa SSH.

Anayefanya mabadiliko akiwa mbali yuko katika hatari ya kujifungia nje. Kama orodha itafungwa kwenye kiolesura kabla haijaandikwa, ruta za Cisco hupitisha kila kitu. Mstari wa kwanza ukiingia tu, ule wa mwisho usioonekana unaanza kazi na muunganisho wa fundi unakatika katikati ya sentensi. Kwa hiyo orodha huandikwa yote kwanza, ndipo ifungwe. Tahadhari nyingine ni kuanza na amri ya reload in 10, inayoiagiza ruta ijiwashe upya baada ya dakika 10. Mambo yakiharibika, ruta itarudi kwenye usanidi uliohifadhiwa awali. Yakienda vizuri, fundi anaandika reload cancel na ndipo ahifadhi kazi yake.

Majaribio hufanywa pande zote mbili: kinachoruhusiwa kipite, kilichokatazwa kikwame. Amri ya show access-lists inaonyesha kando ya kila mstari idadi ya pakiti zilizolingana nao, na mstari unaobaki sifuri wiki nzima ama hauhitajiki ama umefunikwa na ulio juu yake. Kuna pia amri ya remark, inayoweka maelezo ndani ya orodha bila kuathiri pakiti yoyote. Kila anayeongeza mstari aandike hapo, siku ileile, sababu yake na tarehe. Asipofanya hivyo, atakayemrithi atakuta mistari ambayo hakuna anayejua kazi yake na hakuna atakayethubutu kuifuta.