Kamera Itembeayo kwa Hesi

Wengi waonapo sanamu ya udongo ikitembea katika sinema hudhani pana uchawi. La! Sanamu husogezwa kidogo, ikapigwa picha, ikasogezwa tena. Kwa sekunde 1 ya sinema sisi hupiga picha 12. Lakini je, kamera nayo ikitakiwa kutembea? Hapo ndipo penye taabu, maana mkono wa mtu hauwezi kuisukuma sawasawa mara 120.

Mwaka 1977, mafundi wa sinema ya Star Wars huko Marekani, wakiongozwa na John Dykstra, walitumia kamera iliyoendeshwa kwa mota, iliyoweza kurudia mwendo ule ule kila mara. Sisi hatukuwa na mota. Tulikuwa na hesi.

Chombo chetu ni hiki. Juu ya ubao tulifunga vyuma viwili vya pazia sambamba, vikawa reli. Juu yake huteleza kigari cha mbao kichukuacho kamera. Katikati upo ufito wa chuma wenye hesi, unene wa milimita 8, uliopenya katika nati iliyokazwa chini ya kigari. Kila mzunguko mmoja husogeza kigari milimita 1.25. Basi mizunguko 120 ni sentimita 15, nazo ni sekunde 10 za sinema. Mwishoni mwa ufito pana mpini na sahani ya kadibodi yenye alama nne, ili tuweze kuzungusha hata robo. Kamera isianze kwa kishindo: anza na robo, kisha nusu, ndipo mzunguko mzima.

Jumamosi ya kwanza mimi nilikuwa mhesabuji. Mara tatu nilizungusha kupita kiasi, nami nikarudisha mzunguko mmoja kimya kimya. Kumbe nati haishiki hesi barabara: urudishapo, mpini huzunguka kidogo kabla kigari hakijasogea. Tulipotazama sinema, mahali patatu ilishtuka kama mtu aliyejikwaa. Kazi ya wenzangu ya siku nzima ikaharibika. Ndipo nikakiri.

Dawa yake ni rahisi. Ukizidisha mzunguko mmoja, rudisha miwili, kisha songa mbele mmoja. Daima umalizie kwa kwenda mbele.

Wenzangu walinisamehe, tukaanza upya. Sasa mhesabuji hutaja namba kwa sauti, na mwingine huiandika. Nanyi mtakaotengeneza chombo hiki, jueni kuwa hesi haidanganyi. Mwenye kuizungusha ndiye asidanganye.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne