Kila Mtoto na Mwezi Wake
Mwanangu wa pili alifikisha miezi 9 akisota kwa makalio tu. Kila jirani aliniuliza: "Mama Asha, huyu bado hatambai?" Nikatandika mkeka sakafuni, nikawa namlaza kifudifudi akiwa macho, kifuniko cha sufuria kikimng'aria mbele kidogo. Akikinyoshea mkono, shingo na mabega hupata nguvu.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha vipimo vya watoto wa nchi 5, Oman ikiwemo: wengi walianza kutambaa kati ya miezi 5 na 13, na wachache walitembea bila kutambaa kamwe. Lakini mtoto akitumia upande mmoja tu wa mwili, au akipoteza alichokwisha kujifunza, mpeleke kliniki mapema.